Jina Lililofichwa Mkononi mwa Sakina

Jumatatu, 1 Desemba
Nimechekecha hina tangu asubuhi. Mara mbili, kwa kitambaa chepesi, la sivyo inakwama kwenye koni ya kuchorea. Vidole vimeshika rangi. Wateja wawili tu, wote majirani. Wengine wanakwenda saluni mpya, ile inayojitangaza mtandaoni kila siku. Shangazi Mwanaisha hasemi kitu, lakini siku hizi anachanganya hina kidogo.

Nimemaliza Kidato cha Tatu na likizo hii najifundisha kutengeneza kurasa za mtandao. Nimemwambia nitamtangaza. Akacheka.

"Wewe kusalimia wageni huwezi, utatangaza biashara?"

Kweli. Lakini mtandaoni hakuna anayenitazama usoni.

Jumatano, 3 Desemba
Leo Dada Sakina amepakwa hina. Nyumba yao iko mtaa wa nyuma, babake anauza vitambaa. Nikaha ni Ijumaa. Shangazi amemchora mpaka viwikoni, na katikati ya maua akaficha jina la bwana harusi, herufi hapa, herufi pale. Maharusi wakishaachwa peke yao, bwana hulitafuta jina lake. Akishindwa, bibi humdai zawadi.

"Shangazi, lifiche mpaka alie," Sakina akasema. Tulicheka sana.

Amekubali mkono mmoja, ule wenye jina, upigwe picha, ili wanawake wanaokuja kwetu kuchagua maua wauone. Picha nimepiga mimi.

Nimepata wazo. Siwezi kula.

Alhamisi, 4 Desemba
Ukurasa tayari. Mkono wa Sakina umejaa kioo chote cha simu. Unaukuza kwa vidole, unagusa pale unapodhani pana herufi. Ukipatia, ua linafunguka na herufi inang'aa. Ukizimaliza zote, inatokea namba ya Shangazi. Hakuna uso. Hakuna jina la bibi harusi. Juu nimeandika: "Litafute kabla bwana harusi hajalitafuta." Sentensi hiyo naipenda mno.

Nilifikiria kumuuliza Sakina kwanza. Simu ilikuwa mkononi. Sikumpigia. Nilijua angekataa.

Shangazi nimemwambia nimemtangaza. Hakuuliza vipi. Nami sikueleza.

Baada ya Isha. Wanacheza! Wanatumiana. Watu nisiowajua wanasifu maua. Sijawahi kufanya kitu kikapendwa hivi.

Ijumaa, 5 Desemba
Nilitumwa sokoni Marikiti kununua ndimu. Kurudi, kwa muuza kahawa, kundi la wanaume wameinamia simu moja barazani. Mmoja anauvuta mkono kwa kidole gumba.

"Shuka, shuka hapo kwenye kifundo."

"Si hapo, kipofu wewe! M ile pale, karibu na ua."

"Murtaza! Si yule kijana wa Mbaraki anayeoa leo?"

"Basi mwenzetu tumemtangulia!"

Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Nilipita nikitazama chini. Nilikuwa nikiona mkono wa Sakina hata kwenye mawe ya njia.

Nilidhani mkono usio na uso hauna mwenyewe. Mji huu kila mtu anajua nani anaolewa na nani. Jina la bwana lilitosha.

Nimeufuta ukurasa. Haikusaidia. Picha zimeshasambaa, watu wamezungushia herufi duara nyekundu. Rafiki zake Murtaza wamemtumia.

Kabla ya sala ya Ijumaa mamake Sakina alikuja. Hakuketi.

"Mwanaisha, mkono wa mwanangu ndio mchezo wa wanaume barazani?"

Shangazi hakuelewa. Akaonyeshwa simu. Akairudisha.

"Nisamehe, dada," akasema. "Limetoka kwangu. Ni kosa langu."

Nilikuwa nyuma ya pazia. Nilisikia yote. Sikutoka.

Mimi ni mwoga. Hakuna neno lingine.

Jumamosi, 6 Desemba
Shangazi hajanigombeza. Amenimiminia chai, hakunitazama. Afadhali angenipiga.

Bibi harusi wa wiki ijayo ameghairi. Mamake amepiga simu, sauti baridi, hakutoa sababu. Mpakaji wa hina huingizwa vyumba vya ndani, huona wasivyoonyeshwa wengine. Asiyeaminiwa haitwi. Shangazi hana kazi nyingine.

Alasiri nikaenda kwa mamake Sakina. Ngazi zile nilizipanda kama mgonjwa. Alikuwa akichambua mchele.

"Mama, si Shangazi. Ni mimi. Yeye hakujua."

"Najua. Mwanaisha anaingia nyumba hii tangu wewe hujazaliwa." Akaokota kijiwe, akakitupa. "Na jana ulikuwa wapi?"

"Nyuma ya pazia."

Akarudi kuchambua. Mchele ulikuwa mwingi. Nilisimama mpaka aliposema, "Watu nitawaambia kwamba hakujua. Lakini Sakina utamwambia mwenyewe. Anakuja Jumatatu."

Jumapili, 7 Desemba
Sikulala. Nimefungua kitabu, sikusoma.

Jumatatu, 8 Desemba
Nimemwona Sakina, kwa mamake. Hina imekolea, nyekundu inayokaribia weusi. Alikuwa ameificha mikono ndani ya mtandio, na chumbani tulikuwa sisi wawili tu.

Nikamwambia yote, pamoja na simu niliyoishika nisimpigie. Hilo lilikuwa gumu kuliko mengine.

"Walicheza wengi?"

"Wengi, Dada."

Akasema, kama anayemsimulia mtu mwingine, kwamba alimpa mumewe mikono, naye akaweka kidole pale pale penye herufi. Hakutafuta. Alishaonyeshwa. Akamwomba radhi, ingawa hakukosa yeye.

"Nilikuwa nimejiandaa kucheka, Rukia."

Nikaanza kulia.

"Usilie wewe," akasema. "Hebu niachie mimi."

Nikajikaza. Alipotoka kunisindikiza hakunikumbatia. Alisema "Haya," basi.

Jumatano, 10 Desemba
Ujumbe bado unaingia kwenye simu ya Shangazi. Maharusi watarajiwa. Wote wameona mchezo, wote wanautaka. Tangazo langu limefanya kazi. Naona haya kuliandika hilo.

Leo Shangazi amenipa simu.

"Wajibu."

"Niwaambie nini?"

"Hina ipo. Jina nitalificha. Picha hapana."

Nikawaandikia hivyo, mmoja mmoja. Wengi hawakujibu tena. Mmoja wa mtaa wa Buxton ameandika: sawa, aje kesho baada ya Alasiri.

Tumechanganya hina pamoja jioni hii, yeye akimimina maji ya ndimu, mimi nikikoroga. Akaniambia nitambebea mkoba hadi mlangoni. Ndani ataingia peke yake, nami nitamngoja nje.

Nimeitikia. Sikuuliza mpaka lini.