Fenda Niliyoipima Nikanyamaza

Jumamosi. Joto limeukalia mji tangu asubuhi, mawingu yanakuja na kuondoka bila hata tone. Sina hamu ya kusoma, na mimi si mtu wa kukosa hamu ya kusoma.

Leo baba amenyang'anywa gari. Naandika hapa kwa sababu nyumbani hakuna anayeisoma blogu hii, na kwa sababu kosa ni langu.

Gari lenyewe si letu. Baba ni dereva tu, hupeleka watu Puge na kurudi, na mwenye gari anakaa Gongoni. Wiki mbili zilizopita ng'ombe alikatiza barabara, na fenda ya kushoto, lile bati linalofunika gurudumu la mbele, ikakunjamana kama karatasi. Mwenye gari alisema ikifika Jumamosi gari halijawa kama lilivyokuwa, atampa dereva mwingine.

Fenda mpya haikuwezekana. Ikabidi tutafute iliyotumika. Nilisoma kwenye simu ya mama kila nilichokipata. Nikajifunza kwamba magari ya jina moja huweza kutofautiana mabati, kwa sababu kiwandani hubadilisha sura baada ya miaka michache. Kwa hiyo usiliamini jina. Angalia mwaka, angalia mkato wa taa, pima matundu ya bolti. Nilichukua kipande cha boksi, nikakilaza kwenye gari pale fenda inapofungwa, nikatoboa kila tundu kwa penseli. Nilijivunia sana kile kipande cha boksi.

Jumatano tulikwenda dukani kwa mzee Pazi, muuza spea zilizotumika. Yeye Mzaramo, sisi Wanyamwezi, watani tangu enzi za misafara, na baba hawezi kuingia pale bila kuchokozwa.

"Karibu, mpagazi," alisema. "Babu zako walibeba pembe mpaka kwetu pwani bila kuuliza. Na wewe leo unabeba nini?"

"Nabeba fenda. Nyie si mmezoea kukaa tu mkisubiri tuwaletee."

Walipokuwa wanacheka nilichuchumaa nyuma ya fenda aliyoichagua baba, nikaweka boksi langu. Matundu mawili ya mbele yalipishana na yangu kwa upana wa vidole viwili. Mkato wa taa nao ulikuwa mwingine.

"Hii haiingii kwenye gari lako, Mnyamwezi," alisema mzee Pazi. "Ya toleo jingine hii. Ukiibeba utairudisha unalia, na mimi sipokei."

Baba alicheka mpaka akashika meza. "Mtani, ungesema inaingia ndiyo ningeogopa."

Mzee Pazi alikuwa anasema kweli, na mimi nilikuwa na ushahidi mkononi. Lakini mtoto haingilii utani wa wazee, na mimi hata darasani sinyooshi mkono nikiwa na jibu. Nilirudisha boksi kwenye begi, baba akalipa, tukaibeba fenda. Nikajiambia labda nimetoboa vibaya.

Sikuwa nimetoboa vibaya.

Fundi wa bodi alihangaika siku mbili. Akatoboa matundu mapya, akagonga, akavuta. Boneti ikabaki na mwanya unaopitisha kiganja, mlango wa dereva ukawa unakwangua. Baba akarudi kwa mzee Pazi. Safari hii alijibiwa polepole, bila mzaha: "Si nilikwambia, mtani? Ukacheka. Nikadhani unajua unachokifanya."

Leo mwenye gari alikuja, akapitisha kidole kwenye ule mwanya, akasema, "Ndugu yangu, nipe funguo." Hakufoka. Baba alitoa tasbihi yake iliyoning'inia kwenye kioo, akaitia mfukoni, kisha akamkabidhi funguo kwa mikono miwili.

Mchana alikula kidogo. Anasema atakwenda Lusu kwa baba mdogo akalime, ingawa hajashika jembe tangu kabla sijazaliwa. Halafu akamwambia mama, "Angekuwepo hata mtu mmoja wa kunishtua."

Nilikuwepo.

Nimekaa mkabala naye mchana kutwa, nimefungua mdomo mara tatu, na mara zote tatu nimeuliza kama anataka maji. Asubuhi nitamwamkia, "Shikamoo, baba," ataitikia, "Marahaba, mwanangu," na ninavyojijua, nitaishia hapo.