Duka la Mrisho Hong Kong

Ujiji, 6 Mei 2025

Mwanangu Hasna,

Kosa la wengi wanaokwenda kwa mara ya kwanza kwenye jiji kubwa la bandari ni kupanga watalala wapi na watakula nini, wasipange watajibu nini wakiulizwa wamefuata nini. Ofisa wa uhamiaji huanza na swali hilo, na jibu la kubabaika limewarudisha wengi. Nimelitanguliza hata kabla ya salamu. Unisamehe, ualimu wa jiografia haujanitoka.

Sisi hatujambo. Presha ya mama yako imeshuka. Mdogo wako Swaibu anakusalimu. Bado tunambeba kumvusha kizingiti.

Unasema unakwenda Hong Kong mwezi wa saba, kutembea tu. Muuguzi wa Dar es Salaam aliyezaliwa Ujiji hatembei tu Hong Kong, hasa ikiwa Mrisho, aliyemwajiri Swaibu kuzamia samaki, ana duka huko. Niambie mimi kabla hujaulizwa na ofisa: unafuata nini?

Baba yako mkubwa,
Kassimu

Dar es Salaam, 11 Mei 2025

Shikamoo Baba Mkubwa,

Natumaini mu wazima. Mimi mzima, ila silali vizuri.

Nimeona picha za duka la Mrisho kwenye simu ya mwenzangu wa wodini. Vioo kutoka sakafuni hadi darini, na ndani wale samaki wetu wa ziwani wa rangi, wengine bei yao ni mshahara wangu wa mwezi. Chini ameandika kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyewazamia. Mrisho, ambaye maji yakimfika kifuani anaita watu!

Baba Mkubwa, wewe ndiye uliyenieleza. Samaki wa kina kirefu hawatolewi mara moja. Ndoo yao iliyotobolewa hupandishwa mita chache kila siku, la sivyo matumbo yao hujaa hewa wakafa. Samaki wale Mrisho aliwapandisha kwa siku tano. Lakini mzamiaji wake, Swaibu, Mrisho alimpandisha kwa dakika moja, kwa sababu ndege ilikuwa inaondoka na ndoo ya mwisho ilikuwa mkononi mwa mdogo wangu. Miguu yake ikafa siku ileile. Kisha akasimama mwaloni Bangwe, mbele ya wavuvi na wauza dagaa, akasema Swaibu alizamia akiwa amelewa. Swaibu, ambaye hajaonja hata togwa iliyochachuka.

Nitaingia dukani kwake na chupa ya jiki. Nitamimina kwenye kila kioo, yeye akitazama. Hilo ndilo ninalofuata.

Mwanao,
Hasna

Ujiji, 19 Mei 2025

Mwanangu Hasna,

Nimefurahi kusikia u mzima. Usingizi utarudi, usiusake kwa vidonge vya wodini.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Sitakuambia usamehe. Nitakuambia kwamba umekosea hesabu ya adui. Ukimwaga jiki, wewe utalala rumande katika nchi usiyoijua lugha yake, na yeye atajaza vioo upya ndani ya mwezi mmoja. Vioo vyake vinajazwa na nani? Na wazamiaji wa Bangwe. Kwa hiyo kazi yako haianzii Hong Kong, inaanzia hapa, na hapa nipo mimi.

Nimemwendea Thobias, aliyekuwa akisimamia mashine ya kumpelekea Swaibu hewa majini siku ile. Alikuwa anaogopa kukosa kazi. Nilikaa naye siku nne nikimsaidia kushona nyavu, sikumwuliza kitu. Siku ya tano akasema mwenyewe: Mrisho ndiye aliyevuta kamba, na Swaibu alikuwa akiivuta mara mbili mbili kutoka chini, ishara ya kuomba asubiriwe. Amekubali kuyasema mbele ya wenzake.

Usiende mwezi wa saba, ni majira ya vimbunga katika bahari ile. Nenda Novemba, hewa kavu na baridi kidogo. Beba kadi ya homa ya manjano. Chukua chumba karibu na mtaa wa maduka ya samaki. Kila duka hutundika mlangoni mifuko ya maji yenye samaki, hutapotea. Utaingia duka moja baada ya lingine, useme unatoka kwa wazamiaji wa Bangwe na wanatafuta mnunuzi mwingine. Ofisa akikuuliza, hilo ndilo jibu, na litakuwa kweli. Kwa Mrisho ingia mwisho, umsalimu, utoke.

Baba yako mkubwa,
Kassimu

Dar es Salaam, 2 Septemba 2025

Shikamoo Baba Mkubwa,

Habari za huko, na afya ya mama?

Mrisho amenipigia. Amesikia kwamba wazamiaji wameacha kumtumia samaki tangu Thobias aseme. Aliniita dada, akalia. Anasema atatuma wazee kwako kuomba radhi kama desturi ilivyo. Moyo wangu umelegea, na nauchukia kwa kulegea. Tiketi sijakata. Niache?

Mwanao,
Hasna

Ujiji, 15 Septemba 2025

Mwanangu Hasna,

Mama yako mzima, anakula.

Wazee walikuja Ijumaa ya tarehe tano baada ya sala, watatu, na doti za kitenge na mfuko wa sukari. Wajumbe wa radhi hawafukuzwi. Niliwakaribisha, wakanywa kahawa. Wakasema Mrisho anakiri kila kitu, ila anaomba yaishie humu chumbani, yasifike mwaloni.

Nilitaka kuwajibu kwa kirefu, unanijua. Swaibu akanitangulia.

"Wazee wangu, mimi sikulewa humu chumbani. Nililewa mwaloni Bangwe, kwa kinywa chake. Aje anitoe ulevi palepale."

Mkubwa wao akasema mtoto anayekataa radhi hujitia mkosi. Swaibu akamjibu kwamba mkosi ukitaka kumpata hauhitaji kukimbia.

Hata mimi nilicheka, nikiwa na wageni. Nikawarudishia kitenge na sukari, jambo ambalo baba yangu hakulifanya maisha yake yote, nikawapa siku tisa. Leo ndiyo ya kumi. Mrisho ametuma neno: haji. Nimelipokea kwa furaha ambayo si nzuri kwa mtu wa umri wangu, na sina nia ya kuitubu mapema.

Siku utakayoipata barua hii, kabla ofisi hazijafungwa, kakate tiketi ya Novemba.

Baba yako mkubwa,
Kassimu