Pangaboi la Mkia Liko Kushoto

Mjomba wangu,

Shikamoo. Sijui nianzeje bila shikamoo, hata kama safari hii hakuna marahaba.

Hitima ya arobaini yako tumeisoma Jumapili pale Kisarawe. Watu wamekula, wamekuombea, wameondoka. Mimi nilibeba masufuria. Tangu tulipokuzika nimekufa ganzi: nakwenda kazini, narudi Pangani yetu ya Kibaha, nakula nikipewa. Sijatoa chozi hata moja, na mkeo, mkazamjomba, ameanza kunitazama kama anayetaka kuniuliza jambo.

Unakumbuka ilivyoanza? Nilikuonyesha helikopta niliyoiunda kwa mifuniko ya ndoo na vijiti vya mwavuli. Uliipapasa, ukacheka. "Huyu ni panzi," ulisema. "Ukitaka helikopta, njoo nikupe helikopta." Ulikuwa fundi wa helikopta jeshini mpaka ukastaafu, na kichwani ulibaki na moja, ile uliyoihudumia miaka mingi kuliko zote. Mtoto wa jicho alikuwa ameshakuziba macho yote mawili. Ulitaka uishike tena kabla hujafa. Ulilisema hivyohivyo, mdomo mkavu.

Kila Jumamosi nikawa naja kwa pikipiki kupitia Kiluvya, na daftari langu. Mita moja yake ikawa sentimita tatu zangu. Ulinieleza moshi unapouchafua mkia, bawaba ya mlango wa rubani ilivyolegea, ribiti, zile pini za kushikizia mabati, zipi zimepangwa mstari mmoja na zipi miwili. Ulikuwa unanipimia hewani kwa mikono. Wa kushoto ulikuwa na vidole vinne. Cha pete kilikatwa na mfuniko wa injini ya helikopta ileile, ukiwa kijana. "Nilimtolea mahari," ulikuwa ukisema, na mkazamjomba anasonya jikoni.

Halafu yeye akatoa picha sandukuni, ya zamani, nyeusi na nyeupe. Umesimama kando ya helikopta yako, mkono mmoja umeuweka juu ya mkia. Nilifurahi mno. Miezi miwili nilikaa nayo na kioo cha kukuzia, nikahesabu ribiti, nikazitoboa moja moja kwa ncha ya sindano. Kwenye picha, lile pangaboi dogo la mkia lilikuwa upande wa kulia. Wewe uliniambia kushoto. Nikaliweka kulia.

Nilipokuletea imekamilika uliipapasa kuanzia puani, taratibu, unatabasamu. Ulipofika mkiani vidole vikasimama.

"Mjomba, umekosea upande," uliniambia. Siku zote tuliitana hivyo, wewe mjomba na mimi mpwa, wote Mjomba.

"Hapana, Mjomba. Nimefuata picha."

"Ngazi nilikuwa naiegemeza upande wa kushoto. Miaka yote."

"Umri huo, Mjomba. Picha haisahau."

Na nikacheka. Kama kuna kitu kinaniuma sasa hivi, ni kile kicheko. Uliiweka kwenye jamvi polepole, usije ukaivunja. "Basi hiyo ni yako," ulisema. "Yangu bado hujaniletea." Ukaniuliza habari za mvua za Kibaha. Wiki tatu baadaye nikapigiwa simu.

Tulikuosha watu wanne. Tulianza upande wa kulia, tukaja wa kushoto, nikaambiwa niushike mkono wako wakati maji yanamiminwa. Pengo la kidole likakaa kwenye kiganja changu. Hapo nikaikumbuka picha. Mbele ya maiti yako, wenzangu wanafuta machozi, mimi nawaza pangaboi. Naona haya kuliandika hili, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Tuliporudi kutoka makaburini niliitazama tena ile picha. Mkono uliouweka juu ya mkia una vidole vinne, na kwenye picha ni mkono wa kulia. Aliyeisafisha picha aliichapa kinyume. Kila kilichokuwa kushoto kimehamia kulia. Ribiti za helikopta ile nazijua zote kwa idadi. Wewe uliyesimama kando yake, miezi miwili, sikukutazama.

Jana nililing'oa pangaboi kwa wembe. Alama ya gundi imebaki, na sitaipaka rangi. Nimelibandika kushoto. Ilipokauka nilifumba macho, nikaipapasa helikopta kuanzia puani kama ulivyofanya wewe. Nilipofika mkiani vidole vyangu vikasimama. Nilikuwa nasubiri useme neno.

Jumamosi nakuja Kisarawe, kupitia kulekule Kiluvya. Mkazamjomba ameniambia jamvi lako bado lipo palepale, hajalikunja. Nitaiweka hapo.

Hii si yangu, Mjomba. Nimekuletea yako.

Pumzika,
mpwa wako wa Pangani