Msusi wa Konadu

Kumasi, Jumatatu

Dada Dufie,

Huku hatujambo. Mvua imerudi, na mbuzi wa jirani amekula bamia zangu tena.

Juzi nilikwenda hospitali kwa ajili ya usahaulifu huu ulionibakia tangu korona. Walitaka nywele zisizosukwa wala kupakwa mafuta, nikafumua zote. Mpimaji akanibandika nyaya kichwani, kisha akasema, "Mama, uko macho, lakini mawimbi ya ubongo wako ni kama ya mtu anayesinzia. Tunayaona kwa baadhi ya waliougua korona."

Nikamwambia, "Basi wateja wangu wanasukwa na mtu aliyelala."

Akacheka. Mimi sikuwa natania. Jumamosi nilimsuka mke wa mchungaji, upande mmoja mistari ya kwenda nyuma, upande wa pili ya kupanda utosini. Alijitazama kwenye kioo, akajifunga kitambaa, akaondoka.

Nywele zangu bado ziko timutimu. Nimejaribu kujisuka, sikumbuki pa kuanzia.

Najua kichwa cha Konadu siku ya harusi ni kazi yangu, maana mwanao ni mwanangu. Mtafutie msusi mwingine. Nitakuja hata hivyo, nimshikie huyo msusi kitana.

Mdogo wako,
Serwaa