Mama Mkwe Kaifumia Diski Yangu Sweta

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla ya Jumamosi, na tafadhali usinicheke, maana rafiki zangu wameshanicheka vya kutosha. Naitwa Elieza, niko Makambako, mchana natengeneza simu na jioni nacheza gemu ya mpira kwenye kompyuta, najirekodi huku natangaza mwenyewe, kisha naweka mtandaoni, na watu mpaka Ludewa na Iwawa wananifuatilia. Video hizo zinakula nafasi balaa, kompyuta ikajaa, nikanunua diski ya nje, ile eksteno kubwa yenye sahani inayozunguka ndani, nikawa narekodi humo moja kwa moja, mambo yakaenda vizuri.

Shida imetokea kwa mama mkwe. Namchumbia Judith wa Njombe mjini, na mama yake hakunitaka kabisa, alisema mwanamume mzima anayecheza gemu ni mtoto aliyeota ndevu, mshenga wangu akarudi kichwa chini, lakini majuzi Judith akamwonyesha video moja, mama akacheka, akauliza kazi hizo nahifadhi wapi, akaambiwa kwenye kidude kinachokaa mezani, akasema kwa baridi hii ya kwetu kitaumwa, akakaa akakifumia sweta la sufu, jekundu, lenye vifungo, mshauri, na tundu la kupitishia waya! Akamtuma Judith, "Mwambie mwanangu kamwene, akivalishe." Kamwene ni salamu ya kwetu tu, lakini "mwanangu" hajawahi kuniita. Nilikivalisha huku nalia.

Tangu hapo diski inachemka kama pasi, inajitoa yenyewe katikati ya mechi, na nusu fainali nzima ya mashindano yetu ya gemu imepotea, faili halifunguki. Jumamosi ni fainali, mimi na Ema wa Tandala, watu wanaisubiri. Rafiki yangu Remmy anasema ninunue diski moja kubwa zaidi niweke kila kitu humo, mwingine anasema bora ziwe mbili, mimi sijui. Na mama kila akipiga simu anamuuliza Judith, "Sweta linavaliwa?" Nikilivua nitamvunja moyo, nimewaza nilivue kimyakimya nilivalishe akija tu, Judith kanuna, anasema ndoa haianzi kwa uongo. Nampenda Judith na kazi yangu naipenda, nifanyeje?

Elieza, Makambako

*

Elieza mwanangu, pole. Na unisamehe, nimecheka.

Fundi simu mzima! Mteja akikuletea simu inayochemka, unaifunika blanketi? Unajua vizuri kinachoiua diski yako, ila unamwogopa mama wa watu. Diski ya kuzunguka inatoa joto lake yenyewe, hapo mezani kwako haihitaji nguo. Ivue leo.

Sasa tuje dukani. Hapa redioni sauti zetu zote zinakaa kwenye diski, kwa hiyo hili nalijua. Remmy ana nia njema, lakini diski moja ikifa inakufa na kila kitu. Nunua ya pili, ndogo, isiyozunguka, ile wauzaji wanayoiita SSD, na hiyo ndiyo uwe unarekodia. Waya wake uchomeke kwenye kompyuta yenyewe, usipitie kwenye kigawanyio cha USB ulichochomekea vitu vingine. Kwenye programu ya kurekodi chagua faili la aina ya MKV, kwa sababu hata umeme ukikatika, ulichokwisha kurekodi kinabaki. Mechi ikiisha, inakili kwenye ile kubwa, ifungue uione inacheza, ndipo ufute. Zile unazozipenda ziache kote kuwili, akiba haiozi. Na kabla ya Jumamosi jaribu kurekodi mechi nzima, siyo dakika mbili halafu unasema iko poa.

Ya diski yamekwisha. Ya mama je?

Judith kasema kweli, mshike sana huyo. Kuvua na kuvalisha kila mama akibisha hodi ni utoto uleule alioulalamikia, usimpe sababu ya kurudi nyuma. Wala usimtume mshenga kwa habari ya sweta, utamchosha mzee wa watu bure! Mpigie mwenyewe, msalimie kwa adabu, umwambie, "Mama, diski ilizidiwa na joto nikaivua, lakini siku niliyolipokea sweta lile nililia." Yaseme yote mawili, hasa la pili. Mama huyu gemu haijui, sindano za kufumia anazijua, akaanza na anachokiweza ili akufikie. Mwanamke aliyekumbuka tundu la waya hatashindwa kuelewa habari ya joto.

Kisha mkaribishe fainali, yeye na Judith. Najua unaona haya kukaa chumba kimoja na mkweo huku unapiga kelele za goli. Jikaze. Mpe kiti kizuri, mpe chai ya moto, mweleze nani anacheza kwenda wapi, halafu fanya kazi yako kama kawaida. Ukifungwa, umefungwa, Ema naye ana mama yake. Wewe omba tu bao lako moja likataliwe. Mama mkwe akishasimama kitini akafoka "refa mwizi!", posa yako imepita.