Mke Wangu Alivyonyoosha Mkono Ukumbini

Jumamosi, jioni. Katesh.

Mlima umejifunika wingu tangu asubuhi kama mgonjwa aliyegoma kutoka kitandani. Baridi ya leo inapita koti, inapita sweta, inaingia mifupani na kukaa kama imepanga chumba. Chai imepoa mezani. Na mimi, niliyewatoa watu wengi kwenye mikwamo yao, nimekwama.

Kwa mgeni wa blogu hii: ndiye mimi, mwandishi wa kitabu cha *Ng'oka!*, kocha wa maisha. Shule niliishia kidato cha pili, iliyobaki nimeisoma barabarani. Kabla ya ukocha nilikuwa nauza sanaa ya burudani. Picha za wanamuziki, waigizaji na wapiga mieleka, zimechorwa kwa mkono, fremu ya mninga. Saluni, baa, gesti na vibanda vya video kuanzia Singida mpaka Karatu vilipambwa na mimi. Picha ikigoma kufanana na msanii, nilimwambia mteja ndivyo alivyo akiwa nyumbani kwake. Nimefika Nairobi, nimefika Lusaka. Dubai niliishia uwanja wa ndege, lakini nilikaa vizuri.

Mwaka ule mlima uliposhuka kwa maporomoko, stoo yangu ya picha kule Jorodom ilienda na tope. Watu walinikuta nachekesha waliofiwa, nabeba magodoro, nagawa uji. Wakaniuliza nguvu naitoa wapi. Nikaanza kuwajibu, na hadi leo sijanyamaza.

Alhamisi mke wangu, Mama Neema, alinionyesha simu yake. Uhamisho umekubaliwa. Yeye ni muuguzi, alipangiwa kazi huku akitokea Nachingwea, nikamwongelesha mpaka akaolewa. Sasa baba yake amepooza upande mmoja na hana wa kumgeuza kitandani. Mama Neema anatakiwa kuripoti kule Nachingwea mwezi ujao. Akaniuliza, "Twende wote?"

Nikasema nitatafakari.

Mimi! Mwenye sura nzima ya kitabu inayowasema watu wanaotafakari mpaka wanaota mizizi.

Sababu ninayo. Mimi ni kitinda mimba. Huku kwetu wakubwa wanapewa mashamba yao wanaondoka, mdogo anabaki na nyumba ya wazazi, pamoja na mzazi aliyemo ndani. Kaka zangu wako Babati na Arusha na hakuna anayewauliza kitu. Mama yuko Mogitu, na kila jioni nafika kuingiza ng'ombe zizini na kupewa taarifa ya magoti yake. Nilimwomba ahamie hata hapa Katesh tu. Akaniuliza, "Na ng'ombe nao watapanga?"

Leo nilikuwa na semina kwenye ukumbi wa kanisa. Ulijaa. Wakulima, walimu, mabinti wa saluni, hadi bwana shamba. Nikawaka kama kawaida yangu, jasho linanitoka kwenye baridi hii. Ukafika muda wa maswali, na nyuma kabisa, akiwa bado na sare ya kazini, Mama Neema akanyoosha mkono. Hajawahi kuja kwenye semina yangu hata mara moja.

"Shikamoo, kocha."

Ukumbi ukaangua kicheko, maana wote wanamjua.

"Marahaba, binti. Umetokea kijiji gani?"

"Nimetokea nyumbani kwako. Swali langu ni dogo. Mke kapata uhamisho wa kwao, akamuuguze baba yake. Mume ni kocha wa kung'oa watu. Je, naye ang'oke, au kitabu ni cha kuuzia wengine?"

Vigelegele. Mzee mmoja wa mbele akagonga fimbo sakafuni: "Jibu, kijana! Tusije tukarudisha vitabu!"

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Nilipiga ngumi hewani nikapaza sauti: "Ang'oke!" Wakasimama, wakapiga makofi, bwana shamba akapiga mluzi. Mdomo wangu una miguu yake, unafika mahali kabla yangu.

Mtu mmoja tu hakupiga makofi. Alikuwa amekaa nyuma na sare ya kazini.

Tulirudi nyumbani kimya. Kwenye biashara ya picha kuna sheria: bei ikishatajwa, anayeongea wa kwanza kapoteza. Nimeuza kwa sheria hiyo miaka yote. Mke wangu hajawahi kuuza hata nyanya, lakini leo alinishinda. Alikaa jikoni anachambua maharage, wala hakuniangalia, mpaka nikamuuliza kama amechoka.

"Baba Neema," akasema, "ya ukumbini nimeyasikia. Sasa niambie ya nyumbani."

Nikamwambia sababu ni mama.

"Mama ni kweli. Na kingine?"

Nilitafuta utani. Sikuupata. Nikamwambia naogopa. Hapa nikipita sokoni naitwa kila kibanda. Kule nitakuwa mume wa nesi, mtu mrefu anayeongea sana na hakuna anayejua kwa nini.

Akacheka, si kwa ubaya. "Mimi nilishuka stendi hapa na begi moja. Simjui mtu. Baridi inanitoa machozi, wagonjwa wananieleza maumivu kwa Kiiraqw naitikia kwa kichwa. Uliniuliza kama naogopa?"

Sikumuuliza. Nilimuuliza kama anapenda muziki.

Nimeandika kitabu kizima juu ya kung'oka, na kwenye nyumba hii aliyewahi kung'oka ni mmoja, na jina lake haliko kwenye jalada.

Sasa nifanyeje? Nikibaki, mke wangu na Neema wanaondoka bila mimi. Nikienda, yuko mwanamke Mogitu atakayesikiliza jioni kama kuna hatua zinakuja uani. Nimezunguka huku na huku, hakuna mlango usiomwachia mtu maumivu. Kaka mkubwa nimempigia. Kasema "tutaongea," na ninyi mnaojua kaka wakubwa mnajua hiyo inamaanisha nini.

Naenda. Nimemwambia mke wangu palepale jikoni, kwa sauti ndogo, mikono iko mifukoni. Alinisogezea nusu ya maharage nichambue.

Mama hajui bado. Kesho baada ya ibada nitafika, nitamwamkia, atanipa maziwa kwenye kile kikombe kikubwa, na itabidi niseme. Mimi wa kusema mbele ya ukumbi mzima, sina sentensi ya kwanza.

Nyie wasomaji wangu wa Mogitu, najua mko wengi na najua midomo yenu. Mkimkuta kanisani asubuhi, msalimieni tu. Hili niachieni nimwambie mwenyewe.