Gauni Lililoshonwa Kinyume

Mjukuu wangu Kabula,

Marahaba. Huku Masumbwe tu wazima, na ng'ombe wa babu yako amezaa. Umeniuliza utapataje mtindo wako mwenyewe kwa huyo mbunifu wa mavazi atakayekushonea gauni huko Dar. Weee, umenikumbusha mbali!

Nikiwa msichana, duka letu lilileta kitenge cha aina moja tu, na kila mwanamke akanunua. Nikamwambia fundi cherehani, "Nishonee gauni la kwenda harusini, na upande wa nyuma, ule uliofifia, ndio uonekane."

"Watakucheka harusini!"

"Shona!"

Nilicheza harusi ile mpaka vumbi likatimka, na wote wakaniuliza kitenge kile nimekinunua wapi! Kabla mwezi haujaisha, nusu ya kanisa walikuwa wamegeuza vitenge vyao.

Nikarudi mbio kwa fundi: "Lifumue gauni langu, uligeuze tena!"

Bibi yako, anayesubiri picha ya gauni lako